Semina ya Mifumo Pachikwa na Uwasilishaji wa Utafiti: Tathmini ya Mwanafunzi Aliyeimaliza

Swali lililonifanya niione thamani ya semina hii liliulizwa juma la tatu, na aliyeulizwa si mimi. Mwenzetu mmoja alikuwa amesimama mbele akieleza kifaa chake cha kupima unyevu wa udongo shambani, na alipofika kwenye slaidi ya betri akatamka kwamba kifaa kitakaa zaidi ya miaka miwili bila kuchajiwa. Mwalimu alimwacha amalize, kisha akamwuliza kwa upole: "Umepima, au umesoma?" Mwenzetu alikuwa amesoma. Alichukua kiwango cha umeme ambacho watengenezaji wa ESP32, ile chipu iliyo ubongo wa kifaa chake, wanakitaja kwa hali ya usingizi mzito, yaani takriban mikroampia 10, akachukua betri yake ya miliampia-saa 2,600, akagawanya, akapata saa 260,000, ambazo ni karibu miaka 30. Kwa kuwa ni mtu mwenye kiasi, akaipunguza hadi miwili.

Alhamisi iliyofuata alirudi akiwa amepima. Bodi yake ilikuwa ikila miliampia 9, yaani mikroampia 9,000, hata ikiwa imelala, kwa sababu kilicholala ni chipu peke yake. Regyuleta, yaani kipande kinachotuliza volti, taa ndogo nyekundu ya kuonyesha kwamba umeme upo, na ile chipu nyingine ya kuunganisha bodi na kompyuta kwa USB, vyote vilikuwa macho usiku kucha. Hesabu mpya ilitoa siku 12. Aliisimamia mbele yetu bila kuificha, akaonyesha picha ya taa aliyoing'oa kwa mashine ya kulehemu, akaeleza ni regyuleta gani angetafuta badala ya ile, na akapata alama nyingi kuliko alizopata yeyote juma lile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimejiandikisha kwa somo la kupamba slaidi.

Kwa asiyeijua, hii ni semina ya muhula mmoja inayotolewa kwa wanafunzi wa uzamili na wachache wa uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, ambacho sitakitaja kwa kuwa nina lawama kadhaa mbele. Tulikuwa 11. Tulikutana kila Alhamisi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni kwa majuma 14. Somo lenyewe ni mifumo pachikwa, yaani zile kompyuta ndogo zilizofungiwa ndani ya vitu ambavyo hakuna anayeviita kompyuta: mita ya umeme, breki za gari, pampu ya dripu, mashine ya kufulia. Nusu ya pili ya jina la semina ni uwasilishaji wa utafiti, na wengi wetu tuliichukulia kama nyongeza tu iliyowekwa ili kujaza ratiba.

Mpango wake ni mwepesi kuueleza. Kila mwanafunzi huwasilisha mara tatu: kwanza makala ya mtu mwingine, kisha pendekezo la utafiti wake, na mwishoni matokeo. Kila mara hupewa dakika 12 za kusema na 8 za kuulizwa, na muda ukiisha mwalimu huinua karatasi nyekundu, hata kama upo katikati ya neno. Kabla ya duru ya kwanza tulifundishwa kusoma makala kwa mbinu ya mtaalamu wa kompyuta S. Keshav iliyochapishwa mwaka 2007, ambayo humtaka msomaji aipitie makala mara tatu: mara ya kwanza kwa dakika chache ili aamue kama inamfaa, mara ya pili ili ashike hoja, na mara ya tatu kana kwamba anaiandika upya yeye mwenyewe. Niliidharau nilipoisikia. Leo sisomi kwa namna nyingine.

Mimi niliangukiwa na makala ya Liu na Layland ya mwaka 1973 kuhusu namna ya kupanga kazi nyingi katika kompyuta moja ambayo kila kazi yake ina muda wa mwisho usiovukwa. Makala hiyo inathibitisha kwamba ukiipa kipaumbele cha juu kazi inayojirudia upesi zaidi, na jumla ya matumizi ya kompyuta ikabaki chini ya kiwango fulani, hakuna kazi itakayochelewa. Kiwango hicho hushuka kadiri kazi zinavyoongezeka, na hukomea karibu asilimia 69. Niliwasilisha kwa madaha, nikahitimisha kwamba mfumo unaovuka asilimia 69 utachelewa. Mwalimu hakusema kwamba nimekosea. Aliniomba nichore ubaoni kazi mbili, moja ikijirudia kila milisekunde 10 na kutumia 5, nyingine kila milisekunde 20 na kutumia 10. Nilichora mistari nikiwa nimeipa darasa mgongo, na kabla sijafika mwisho nikasikia watu wakicheka, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa asilimia 100 na hakuna kazi iliyochelewa hata kidogo. Kiwango kile ni ahadi kwa aliye chini yake. Kwa aliye juu yake kiwango hicho hakiamui lolote; inabidi ahesabu mwenyewe. Nilikuwa nimeisoma makala ile mara nne, na kosa hilo nililifanya mara zote nne. Nisingeligundua kwa kusoma mara ya tano, na hii ndiyo hoja yangu kubwa kuhusu semina hii: kusimama mbele ya watu kunatumika hapa kama chombo cha kupimia, sawa na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na kinachopimwa ni kama aliyesimama ameelewa.

Makala nyingine zilichaguliwa kwa jicho hilohilo. Tulisoma uchunguzi wa Leveson na Turner wa mwaka 1993 kuhusu Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi ambayo kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita, huko Marekani na Kanada, mionzi ya kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya chuma na nyaya. Katika hii, kazi hiyo iliachiwa programu. Mhudumu aliyekuwa na vidole vyepesi aliweza kusahihisha maagizo kwenye skrini kabla mashine haijamaliza kujipanga, na programu ikaachwa ikiamini jambo moja huku mashine ikifanya jingine. Tulisoma pia juu ya Pathfinder, chombo cha angani kilichotua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997 kisha kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe, na hapa ndipo lilipo zoezi ambalo ningeshauri kila idara iliige.

Juma la tisa tuliambiwa tueleze makala au utafiti wetu kwa Kiswahili mbele ya watu wasio wahandisi. Walioalikwa walikuwa karani wa masjala, dereva wa idara, mkutubi mmoja na mama anayehudumia chai. Muhula mzima ulikuwa wa Kiingereza, na nilidhani siku hiyo itakuwa ya mapumziko. Ilikuwa ngumu kuliko zote. Ukinyimwa neno la kitaalamu ambalo umelizoea, unagundua kwamba mara nyingi neno lile ndilo lililokuwa likibeba mzigo wote na wewe ulikuwa unalisindikiza tu. Mwenzangu aliyepewa Pathfinder aliacha vyombo vya angani na kueleza hivi: mkuu wa idara anahitaji faili lililo stoo, ufunguo wa stoo anao karani mdogo, karani angeurudisha mara moja, lakini kila akinyanyuka afisa wa ngazi ya kati anamtuma chai, mara vocha, mara magazeti. Mkuu amekaa anasubiri, na anayemchelewesha ni afisa wa chini yake ambaye wala hajui kwamba kuna ufunguo unaotakiwa. Kwenye chombo kile karani alikuwa kazi ya kupima hali ya hewa, mkuu alikuwa kazi ya kusimamia njia ya data, na mlinzi wa mfumo, yaani sehemu inayoangalia kama kazi zinakwenda, alipoona mkuu amekwama alizima na kuwasha kila kitu upya.

Mama wa chai aliuliza kwa nini wasimwambie karani kwamba tangu sasa anatumwa na mkuu mwenyewe. "Nani atamtuma chai tena, mwanangu?" Mwalimu alivua miwani. Hilo ndilo suluhisho lililoelezwa na Sha, Rajkumar na Lehoczky mwaka 1990: anayeshika ufunguo aazimwe kipaumbele cha anayemsubiri, hadi aurudishe. Wahandisi wa Pathfinder hawakufanya zaidi ya hayo. Waliituma amri kutoka duniani ya kuwasha chaguo hilo, ambalo lilikuwemo katika programu yao lakini limezimwa.

Katika duru ya pili uwasilishaji bora ulikuwa wa dada mmoja aliyeshughulikia mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla, nami nimewahi kuuiga mara mbili tangu siku ile bila aibu. Hakuwa na slaidi ya jina lake wala ya yaliyomo. Aliinua kipande cha karatasi chenye tarakimu 20, akauliza ni nani mwaka 2024 aliingiza makundi mawili ya ziada ya tarakimu kama hizi kabla mita yake haijapokea umeme alionunua. Mikono yote ilipanda. Kisha akaeleza kwa nini. Katika STS, kiwango cha kiufundi kilichoanzia Afrika Kusini na kinachotumiwa na mita hizi, kila tokeni ya umeme, yaani kundi la tarakimu ulilonunua, hubeba muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, ili tokeni iliyokwisha kutumika isitumike tena. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri au moja, na biti 24 haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216, ambazo hazifiki miaka 32. Zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024, na yale makundi mawili ya ziada ndiyo yaliyoiandaa mita kuanza hesabu upya. Mtu aliyekaa mezani zaidi ya miaka 30 iliyopita na kuona kwamba biti 24 zinatosha, ndiye aliyekufanya wewe usimame gizani na tochi ya simu ukibonyeza tarakimu 60. Baada ya utangulizi huo wa dakika mbili angeweza kutueleza lolote, na tungemsikiliza.

Nami nina la kusimulia, ingawa halina sifa. Utafiti wangu ulikuwa kifaa cha kufuatilia joto la friji ya chanjo katika zahanati, ambamo joto linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Nilitumia kihisi cha DS18B20, kinachopendwa na kila mwanafunzi kwa kuwa ni cha bei nafuu na kinatumia waya mmoja wa data. Kifaa kilifanya kazi majuma matatu bila kosa. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha matokeo niliamua kuisafisha programu ili ipendeze ikionyeshwa kwenye projekta, nikafuta mistari yote iliyokuwa ikichapisha taarifa za ukaguzi. Kesho yake nilichomeka kifaa mbele ya watu, kihisi kikiwa ndani ya kikombe cha barafu, na skrini ikaandika 85.

"Friji ipi hiyo inayochemsha chanjo?" aliuliza mwalimu, na nadhani hakukusudia kuwa mkali.

Kihisi kile kikiwashwa hushika namba 85 kama thamani ya kuanzia, na huendelea kuitoa mpaka kipimo cha kwanza kikamilike; kwa usahihi wake wa juu kabisa, kipimo kimoja huchukua hadi milisekunde 750. Mimi, katika kubana matumizi ya betri, nilikuwa nimeiamuru programu isisubiri. Kwa majuma matatu yale maandishi ya ukaguzi ndiyo yaliyokuwa yakichelewesha mambo kiasi cha kutosha, nami nikadhani programu iko sawa. Nilipoyafuta nilifuta subira yenyewe. Niliyaeleza haya yote siku ile palepale, baada ya dakika kadhaa za kutokwa jasho, na nilipoketi jirani yangu alininong'oneza kwamba mimi ndiye niliyeuliza maswali mengi juma la Therac-25. Kweli kosa ni la ukoo mmoja: jambo linalofanyika sawa likiwa polepole, na kuharibika pale mtu anapokuwa mwepesi. Kanuni ya semina inasema anayetaka kuonyesha kifaa kikifanya kazi lazima awe na video aliyorekodi kabla. Niliirekodi, lakini kwa programu ya zamani, kwa hiyo ilionyesha kitu ambacho sikuwa nacho tena.

Jambo ninalolisifu zaidi katika utoaji wa alama ni kwamba jibu la "sijapima" linakubalika. Uwasilishaji una alama 40, ripoti ya kurasa sita 30, na majibu ya maswali 30. Katika hizo za mwisho, anayekiri kwamba hajapima na kueleza angepimaje hupata alama, na anayebahatisha hupoteza. Ilituchukua majuma mengi kuamini. Wengi wetu tumelelewa katika madarasa ambamo kunyamaza au kusema hujui ni kujidhalilisha, na utaona mtu anajenga ghorofa ya maneno ili tu asitamke neno hilo moja. Kufikia juma la kumi lilikuwa linatamkwa kama salamu.

Sasa lawama. Maabara haitoshi, wala haikaribii kutosha. Osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, inayofanya kazi ni moja kwa watu 11, nayo hufungiwa saa kumi jioni wakati semina yenyewe bado inaendelea, hivyo anayeambiwa apime hana mahali pa kupimia mpaka siku nyingine. Bodi tulijinunulia, yangu niliipata Kariakoo kwa shilingi 28,000, na mwenzangu aliyekuwa na haraka alilipa zaidi kwa bodi iliyoungua siku ya pili. Semina inayosisitiza kupima kiasi hiki inawatendea wanafunzi wake isivyo haki inapowaacha wapime kwa kubahatisha vifaa, na sidhani kwamba ni suala la fedha tu, kwa kuwa kulikuwa na jenereta ya ishara, mashine ya kutoa mawimbi ya umeme ya majaribio, mpya kabisa ndani ya boksi lake muhula mzima, ikisubiri sahihi ya mtu.

Lawama ya pili ni karatasi ya kutathmini uwasilishaji. Alama 8 kati ya zile 40 zinatolewa kwa "ufasaha", na kwa jinsi zilivyotolewa, ufasaha ulimaanisha Kiingereza kisicho na kigugumizi. Yule dada wa LUKU, ambaye darasa zima lilimsikiliza kwa pumzi moja, alipata 4. Mtu mwingine aliyesoma slaidi zake neno kwa neno kwa lafudhi nzuri alipata 7. Niliuliza, nikajibiwa kwamba karatasi hiyo ni ya idara wala si ya mwalimu, na ninaamini ndivyo. Lakini baada ya juma la tisa kutuonyesha wazi kwamba anayeelewa anaweza kueleza bila ngao ya maneno ya kigeni, ilikuwa ajabu kuona kipimo kile kimebaki palepale.

Vipindi viwili vya wageni kutoka makampuni havikuwa na maana. Mmoja alikuja kuuza bidhaa. Usalama wa vifaa dhidi ya wadukuzi ulipewa kipindi kimoja cha haraka, na hilo ni pungufu kubwa kwa somo la namna hii, ingawa namwelewa mwalimu aliyekuwa akifukuzana na ratiba. Maoni juu ya ripoti yalichelewa majuma mawili, yakaja yakiwa mazuri.

Kwa nani semina hii inafaa? Inamfaa mwanafunzi aliyekwisha kushika tatizo mkononi, hata likiwa dogo, kwa sababu kila juma atakuwa na kitu cha kukipeleka mbele ya macho ya watu. Anayekuja akitumaini kwamba semina itampa mada ya tasnifu atapata shida. Wawili kati yetu walikuja hivyo, wakaacha kabla ya duru ya pili. Pia haimfai anayetaka kujifunza kuandika programu za maikrokontrola, zile chipu za mifumo pachikwa, tangu mwanzo, kwani hilo hudhaniwa kwamba unalo. Uwezo wa Kiingereza usiwe kizuizi: utakuangusha alama chache ambazo utazirudisha kwenye maswali. Ningetoa nyota nne kati ya tano, na ile iliyobaki ningeiweka pale kwenye boksi la jenereta hadi sahihi ipatikane.

Anayejiandikisha aende na fyuzi zake za multimita. Ukipima umeme wa bodi iliyolala kwa kipimio cha mikroampia, bodi ikiamka ghafla na kuwasha redio yake itavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na fyuzi itakwenda. Mimi niliunguza mbili, na kabati la maabara halikuwa na hata moja hadi muhula unafungwa.